Ruta ya hosteli Uyole inaanguka jioni: je, moduli inaachia pakiti mara mbili?

#1 Fundi_Uyole
Habari wakuu. Naenda moja kwa moja.

Nasimamia mtandao wa hosteli za wanafunzi hapa Uyole, Mbeya. Ruta ni kompyuta ya mezani yenye kadi mbili za mtandao, inatumia Linux 6.1. Ndani yake kuna moduli ya kerneli (kipande cha programu kinachoingizwa ndani ya kiini cha Linux) iliyoandikwa na kijana aliyekuwa kazini kabla yangu, sasa hapatikani. Moduli imejishikiza kwenye Netfilter, sehemu ya kerneli inayochuja pakiti: inahesabu baiti za kila mwanafunzi, na salio likiisha pakiti zake zinatupwa. Basi.

Jioni wanafunzi wakirudi na kufungulia video, mashine inaanguka. Si kila jioni. Na maandishi yanayobaki kwenye skrini hayafanani: mara yanataja TCP, mara mfumo wa mafaili, mara kitu kisichohusu mtandao kabisa.

Nimeisoma moduli mstari kwa mstari, nikasimama hapa:

if (m->salio <= 0) {
    kfree_skb(skb);
    return NF_DROP;
}

Dai langu ni kwamba pakiti inaachiwa mara mbili. Hapo skb ndiyo pakiti yenyewe: kfree_skb inairudisha memori yake, kisha NF_DROP inaiagiza Netfilter iirudishe tena. Mwenye hosteli yeye anasema RAM imekufa, ninunue nyingine. Wajuzi semeni kabla hela ya watu haijaenda bure.

#2 NjombeBaridi
RAM hiyo. Umeshasema mwenyewe: ajali inahama mahali. Kosa la programu linarudi palepale kila siku, memori mbovu inapiga popote. Washa memtest86+, ile ya kupima RAM, ilale nayo usiku kucha ndipo uanze kumshuku kijana wa watu.

#3 Tukuyu_Mvua
Kabla ya RAM, pima umeme. Jioni ndiyo kila nyumba imewasha jiko na pasi, volti inashuka. Halafu huu ukanda wetu una radi. Huku Tukuyu nimeshabadilisha kadi za mtandao zilizopigwa kupitia waya uliotandazwa nje kutoka jengo hadi jengo. Kadi haifi moja kwa moja, inabaki inafanya kazi nusunusu. Waya wako unapita nje?

#4 Mzee wa Loleza
Fundi, dai lako lina miguu. Nyote mliotangulia mmeruka msimbo aliouweka, na msimbo ndio ushahidi pekee tulio nao.

Fankisheni iliyoshikizwa kwenye Netfilter hairudishi memori, inarudisha uamuzi. NF_ACCEPT: pakiti iendelee. NF_DROP: itupwe, na anayeitupa ni Netfilter mwenyewe, yeye ndiye anaita kfree_skb. NF_STOLEN: nimeichukua mimi, msiiguse tena. Kwa hiyo kuna njia mbili halali. Ama unarudisha NF_DROP bila kugusa kitu, ama unaita kfree_skb mwenyewe kisha unarudisha NF_STOLEN. Aliyeandika hapo amechanganya zote mbili. Na ukikosea kinyume chake, ukarudisha NF_STOLEN bila kuiachia pakiti, hakuna ajali, ila memori inavuja kidogokidogo hadi mashine inakosa pumzi.

NjombeBaridi, hiyo kanuni ya "ajali ikihama ni RAM" si sahihi. Kipande cha memori kikiachiwa mara mbili kinaweza kugawiwa watu wawili kwa wakati mmoja. Mmoja akiandika, anamharibia mwenzake, na anayeanguka ni yule aliyeharibiwa. Ndiyo maana unaona mfumo wa mafaili unalia wakati mkosaji yuko kwenye mtandao.

#5 Kihesa_Kwetu
Kamwene wote. Mzee shikamoo.

Nina pingamizi mbili. Kwanza, kama ni mara mbili, mbona mashine haifi pakiti ya kwanza kabisa inapotupwa? Wanafunzi wanaoishiwa salio jioni ni wengi, ilipaswa ianguke kila jioni. Pili, tangu 2017 hesabu ya wanaoishika skb imehamishiwa kwenye refcount_t, ambayo inapiga kelele hesabu ikishuka chini ya sifuri. Fundi hajasema ameona kelele hiyo.

#6 Ruaha_Kavu
Watu wa Iringa kwa pingamizi hamjambo. Naweka kambi hapa.

#7 Mzee wa Loleza
Marahaba, Kihesa_Kwetu. Pingamizi la pili ndilo zuri, na jibu lake liko ndani ya skb_unref, fankisheni ambayo kfree_skb inaiuliza kwanza. Fungua uisome. Ikikuta hesabu ni 1, haipunguzi. Inasema mimi ndiye wa mwisho, inaruka hatua ya kupunguza ili kuokoa muda, na inaruhusu pakiti irudishwe. Kwa hiyo baada ya kuachiwa, ile hesabu inabaki imeandikwa 1. kfree_skb ya pili ikija inaikuta 1 ileile, nayo inaruhusu. Refcount_t haina cha kulalamikia, kwani haikuguswa.

La kwanza: kipande kikiingia mara mbili kwenye orodha ya nafasi huru, hakuna anayeumia mpaka pakiti mbili zipewe kipande hicho zote zikiwa hai. Usiku wa manane watu wachache, pakiti inaingia na kutoka. Jioni foleni zimejaa.

#8 MamaSeva
Habari zenu. Nipo Iringa, Gangilonga, kazi yangu ni seva.

Mzee, naongeza kizingiti. Kerneli nyingi za usambazaji mkubwa zimewashwa kinga ya memori iitwayo CONFIG_SLAB_FREELIST_HARDENED. Hiyo ukiachia kitu kilekile mara mbili mfululizo kwenye CPU ileile, mara nyingi inasimama papo hapo na kuandika "kernel BUG at mm/slub.c". Fundi, umewahi kuona maandishi hayo? Kama hujayaona, ama nadharia yako ina walakini, ama kerneli yako si ya kawaida.

Acheni kubishana kwa hisia. Kwenye mstari wa kuwashia mashine ongeza ukaguzi huu wa memori:

slub_debug=FZPU,skbuff_head_cache

F inakagua afya ya orodha, Z inaweka mpaka wa hatari pembeni ya kila kipande, P inapaka sumu kipande kilichoachiwa, U inaandika nani alikichukua na nani alikiachia. Nimekuwekea kwa skbuff_head_cache pekee, ghala la vipande vya skb, ili mashine isiwe nzito. Subiri jioni.

#9 Kijana_wa_Sae
Mbona jambo lenyewe linajulikana? Hii ni SACK Panic, CVE-2019-11477. Mtu anakutumia pakiti za TCP zilizopangwa vibaya, kerneli inakufa. Sasisha kerneli, maliza uzi.

#10 Kihesa_Kwetu
Hapana, mdogo wangu. SACK Panic ilitangazwa Juni 2019 na watu wa Netflix, na marekebisho yakatoka wakati huohuo. Iligusa kerneli kuanzia 2.6.29. Fundi ana 6.1, ya mwishoni mwa 2022, ambayo ilizaliwa ikiwa na dawa hiyo. Tena haikuwa kosa la kuachia memori. Ilikuwa hesabu ya vipande, iliyohifadhiwa kwa biti 16, kufurika na kugonga BUG_ON, amri inayoisimamisha kerneli makusudi. Na ile inapiga mashine yenye muunganisho wa TCP wa kwake yenyewe, ruta inayopitisha tu haihusiki sana.

#11 Kijana_wa_Sae
Sawa kaka, nimekuelewa. Lakini kwani hakuna kosa la kuachia mara mbili lililowahi kutokea kwenye kerneli yenyewe? Au ni wanafunzi tu wanaokosea?

#12 Mzee wa Loleza
Lipo, tena la kusomesha. DCCP, itifaki ya mtandao, 2016. Mtu anaitwa Andrey Konovalov alilikuta kwa kutumia syzkaller, ile programu inayoirushia kerneli maombi ya ovyoovyo. CVE-2017-6074.

#13 MamaSeva
Mwaka ni 2017 mzee, Februari. Na undani wake unamfaa Fundi. Pakiti ya ombi la DCCP ilikuwa inaachiwa kwa nguvu mwisho wa fankisheni, hata pale ambapo sehemu nyingine ilikuwa imeihifadhi kwa sababu soketi imewekewa chaguo la IPV6_RECVPKTINFO. Mmoja anadhani ni yake, mwingine anadhani ni yake. Kosa lilikaa humo kwa takriban miaka 11, tangu DCCP iingizwe mwaka 2005. Msimbo huo umesomwa na wataalamu dunia nzima. Kwa hiyo asidharauliwe kijana aliyeandika moduli ya Uyole.

#14 Pembe_Makambako
Mimi naomba niseme kuhusu umiliki, kwa sababu nimekutana nao kwenye handaki la mtandao (tunnel) nililokuwa natengeneza. Nilikuta msimbo unaita dev_queue_xmit(skb), kisha mstari unaofuata unaongeza takwimu kwa skb->len. Unaonekana safi. Lakini ukishaita dev_queue_xmit pakiti si yako tena, hata ikirudisha kosa. Ukishakabidhi gunia la viazi kwa dereva wa Fuso hapa Makambako na gari likaondoka, unapima nini? Uzito unachukua kabla ya kupakia. Nikahamisha usomaji wa urefu juu ya mstari wa kutuma, ukimya ukarudi.

Fundi, tafuta kama moduli inasoma chochote cha skb baada ya kuikabidhi.

#15 NjombeBaridi
Viazi vya Makambako vyote vimetoka Njombe, tuheshimiane.

Memtest je?

#16 Pembe_Makambako
Vimetoka Njombe vikapimwa Makambako. Tuendelee na pakiti.

#17 Fundi_Uyole
Nimerudi na mzigo, shukrani kwenu.

Dada MamaSeva, kuhusu #8: kerneli ilikompailiwa na yuleyule kijana. Nimeangalia kwenye /boot, CONFIG_SLAB_FREELIST_HARDENED imezimwa. Sijawahi kuona "kernel BUG at mm/slub.c".

Jana jioni, na slub_debug ikiwa imewashwa, mashine haikuanguka. Lakini logi imeandika:

BUG skbuff_head_cache (Tainted: G O): Poison overwritten
First byte 0x6a instead of 0x6b

Na sehemu ya "Freed in", kwenye njia ya wito, jina la moduli yetu limo.

Tukuyu_Mvua, waya mmoja unapita nje, ndiyo. Nitaupima.

#18 MamaSeva
Hapo sasa. Hiyo 6a ni ushahidi mzito, nieleze kwa nini.

Kipande kikiachiwa, P inakijaza baiti 0x6b kuanzia mwanzo. Hata ile hesabu ya wanaoishika pakiti, badala ya 1, sasa inasomeka 0x6b6b6b6b. kfree_skb ya pili ikija inakuta si 1, kwa hiyo safari hii inapunguza moja. 6b inakuwa 6a. Hesabu haijafika sifuri, basi inaondoka bila kuachia chochote. Ndiyo maana mashine haikuanguka: sumu yenyewe imekukinga. Na ndiyo maana ukaguzi uliona baadaye, kipande kilipotaka kugawiwa tena, baiti moja haiko ilivyoachwa.

RAM mbovu ikigeuza biti moja inaweza kweli kuitoa 6b ikawa 6a, biti ya mwisho tu inatofautiana. Ila haiwezi kuchagua kila mara baiti ya kwanza ya hesabu ya wanaoishika. Fundi, zipo ngapi kwenye logi, na zote ziko umbali uleule kutoka mwanzo wa kipande?

#19 Fundi_Uyole
Zipo nyingi dada, na zote umbali uleule.

#20 Mzee wa Loleza
Basi RAM tuiweke pembeni kwa hili. Toa kfree_skb, acha NF_DROP. Kiraka ni kufuta mstari mmoja.

#21 Kihesa_Kwetu
Kwa nini asiache kfree_skb na kubadili kuwa NF_STOLEN? Ni halali vilevile, kwa maneno yako ya #4.

#22 Mzee wa Loleza
Ni halali, lakini ukirudisha NF_DROP, kerneli za sasa zinaandika sababu ya pakiti kutupwa kuwa ni Netfilter, na mtu anayefuatilia kwa dropwatch ataiona. Ukiiba na kuiachia mwenyewe kwa kfree_skb, sababu inapotea. NF_STOLEN ni ya anayeipanga pakiti foleni aitume baadaye.

#23 Kihesa_Kwetu
Nakubali kuhusu kiraka. Sikubali kwamba ndiyo chanzo pekee. 6a inaonyesha kuna kupunguza mara moja zaidi. Haionyeshi kwamba ajali zote za nyuma zilitoka hapo. Moduli yenye kosa hilo moja mara nyingi ina mengine.

#24 Fundi_Uyole
Kaka Kihesa umetabiri. Nimeweka kiraka, nikaacha slub_debug ikiwa imewashwa. Jioni kadhaa za kimya, 6a hazionekani tena. Halafu jana mashine imeanguka upya:

general protection fault, probably for non-canonical address 0xdead000000000122

Hakukuwa na mechi wala msongamano. Mwanafunzi mmoja alikuwa amebonyeza "toka" kwenye ukurasa wa kuingilia.

#25 Tukuyu_Mvua
Na mvua ilinyesha?

#26 Fundi_Uyole
Ilinyesha, lakini ruta iko kwenye UPS na UPS haikulia.

#27 Pembe_Makambako
dead000000000122 si namba ya bahati mbaya. Ni LIST_POISON2, kerneli inaiandika kwenye kiungo cha kitu kilichotolewa kwenye orodha. Ukiiona kwenye ajali, kuna mtu amejaribu kutoa kwenye orodha kitu ambacho kimeshatolewa. Kwa hiyo hapa si pakiti tena, ni orodha ya wateja wenyewe. Weka fankisheni inayofuta mteja.

#28 Fundi_Uyole
Hii hapa. Inaitwa na taima inayosafisha waliokaa kimya, na inaitwa pia mtu akitoka kupitia /proc (mafaili ya kuongea na kerneli):

static void futa_mteja(struct mteja *m)
{
    hlist_del_rcu(&m->nodi);
    kfree(m);
}

#29 Kihesa_Kwetu
Hakuna kufuli! Taima na /proc zinaweza kumkuta mteja yuleyule kwa pamoja, CPU mbili tofauti. Wa kwanza anamtoa, wa pili anamtoa aliyetolewa. Weka spin_lock_bh, na ndani ya kufuli hakikisha bado yumo ndipo umtoe. Iwe ya _bh, si spin_lock tupu: taima ikikatiza CPU ileile iliyoshika kufuli kutoka /proc, itasubiri milele. Hapo mashine inaganda bila hata neno moja kwenye skrini.

#30 Mzee wa Loleza
Kufuli peke yake halitoshi. Tazama kfree(m). Wakati huohuo fankisheni ya Netfilter kwenye CPU nyingine inaweza kuwa inamsoma m yuleyule chini ya RCU (utaratibu wa kusoma bila kufuli) ili kuongeza baiti zake. RCU inamruhusu msomaji amalize, lakini kfree haimsubiri. Badala yake tumia kfree_rcu, muundo uwekewe rcu_head. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyokuwa inaharibu mfumo wa mafaili tangu mwanzo: kuongeza baiti ndani ya kipande ambacho tayari amepewa mtu mwingine.

#31 MamaSeva
Mzee, linawezekana, ila sumu yangu haiwezi kulithibitisha, kwa sababu tuliiwasha kwa skbuff_head_cache pekee na mteja anatoka kwenye kmalloc, ghala la jumla la memori. Ingekuwa imewashwa huko pia, Fundi angeona 6b6b6b6b6b6b6b6b badala ya dead000000000122. Nashauri KASAN kwenye mashine ya majaribio. Ipo tangu kerneli 4.0 ya 2015, inashika matumizi ya baada ya kuachiwa papo hapo na kutaja pande zote mbili. Usiiweke kwenye ruta ya wateja, inachukua sehemu moja kwa nane ya memori na kupunguza kasi sana. Kwenye ruta weka KFENCE, iliyoingia 5.12. Inachunguza vipande vichache tu kwa zamu, unaweza kuiacha miezi.

#32 Ruaha_Kavu
Swali la asiyejua sana: kazi ya kuhesabu baiti na kukata salio, si nftables, kichujio cha Linux chenyewe, inaifanya? Ina seti, ina kwota zenye majina, na yenyewe ipo ndani ya kerneli tangu 3.13 ya 2014. Kwa nini hosteli ibebe moduli ya mtu binafsi?

#33 Pembe_Makambako
Umesema kweli kabisa, na mimi ningefanya hivyo. Au eBPF, programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kerneli, ambako kikaguzi kinakataa programu inayosoma nje ya pakiti kabla hata haijawashwa.

#34 Fundi_Uyole
Nitahamia nftables likizo ikifika, ukurasa wa malipo unaongea na /proc ya moduli moja kwa moja na wanafunzi wapo kwenye mitihani. Lakini nataka pia nilijue kosa. Wapo wengine wamenakili moduli hii, najua hosteli mbili za Iyunga.

#35 Kijana_wa_Sae
Hosteli yetu Iyunga ni mojawapo nadhani! Inaganda kimya, skrini nyeusi. Basi ni kufuli la kaka Kihesa?

#36 Kihesa_Kwetu
Hakuna kufuli kabisa mdogo wangu, kwa hiyo haliwezi kukwama. Kwako tafuta kingine. Unganisha netconsole, inayotuma logi ya kerneli, kwenye kompyuta ya jirani upate maneno ya mwisho.

#37 MamaSeva
Netconsole inatuma kupitia mtandao uleule unaokufa, usiitegemee sana. Kama mashine ina tundu la zamani la serial, vuta waya kutoka hapo.

Na nimeona moja zaidi. Fundi, moduli ukiitoa kwa rmmod, taima inazimwa na del_timer au del_timer_sync? Ya kwanza haisubiri taima inayokimbia muda huo ikamilike.

#38 Fundi_Uyole
del_timer tupu. Na huwa tunaitoa na kuirudisha kila bando jipya linapotangazwa.

#39 Mzee wa Loleza
Naendelea kushikilia kfree_rcu kuwa ndiyo kubwa.

#40 Kihesa_Kwetu
Na mimi kufuli. Dead000000000122 haiji kwa msomaji mzee wangu, inaletwa na mtoaji wa pili. Fundi aweke kufuli peke yake kwanza, aache kfree ilivyo, KFENCE iwake, tuone ni ipi itakayosema.

#41 MamaSeva
Asiache kosa analolijua kwenye ruta ya watu walio kwenye mitihani. Weka vyote vitatu Uyole: kufuli, kfree_rcu, del_timer_sync. Mashine ya majaribio ipewe moduli ya zamani na KASAN. Nitumie faili la config, nikukompailie mimi huku Iringa usiku huu.